Kelele za Watu Wazima: Kutoka kwa Dumbledore hadi Katuni Zetu

Tarehe 19 Oktoba 2007, J.K. Rowling alikuwa jukwaani Carnegie Hall, New York, mbele ya ukumbi uliojaa wasomaji wake. Kitabu cha saba na cha mwisho cha Harry Potter kilikuwa kimetoka miezi mitatu tu kabla ya hapo, na ndani ya saa 24 za kwanza kilikuwa kimeuzwa nakala kama milioni 11 Uingereza na Marekani. Msomaji mmoja akauliza swali dogo: je, Dumbledore, yule mwalimu mkuu mzee aliyeamini sana nguvu ya upendo, aliwahi kumpenda mtu? Rowling akajibu kwamba yeye siku zote alimwona Dumbledore kuwa shoga, na kwamba ujanani alimpenda Grindelwald, kijana mwenzake aliyekuja kugeuka mchawi dhalimu. Watu wakashtuka, kisha ukumbi ukalipuka kwa makofi. Rowling akasema angejua watafurahi hivyo, angewaambia miaka mingi nyuma.

Ndani ya siku mbili habari ilikuwa imezunguka dunia. Na hapo ndipo jambo linapokuwa tamu kwa mtu anayependa historia, kwa sababu ukifungua vitabu vyote saba, kurasa zaidi ya elfu tatu, hutapata mahali ambapo Dumbledore anasema anampenda mwanamume. Kuna urafiki wa vijana wawili wenye akili kupita kiasi, kiangazi kimoja, barua, mipango mikubwa ya kutawala dunia, kisha msiba. Basi. Ugomvi wote uliofuata ulikuwa juu ya kitu ambacho hakijaandikwa.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu neno. Natumia "shoga" kwa sababu ndilo neno ambalo kila mtu Nairobi analielewa, ingawa najua mara nyingi linarushwa kama jiwe. Lakini Pwani, mwanamke anamwita rafiki yake wa kike "shoga yangu" na hakuna anayegeuka kutazama. Neno lilelile, mdomo tofauti. Weka hilo akilini, maana sehemu kubwa ya stori hii ni kuhusu nani anasema nini, na mbele ya nani.

Waliokasirika 2007 walikuwa wa aina tatu. Wa kwanza ni wale ambao tayari walikuwa na kesi na Harry Potter kwa sababu ya uchawi. Chama cha Maktaba cha Marekani kilikuja kuorodhesha vitabu hivyo kuwa nambari moja kati ya vilivyolalamikiwa zaidi kwenye maktaba na shule kutoka 2000 hadi 2009. Kwa hao, habari ya Carnegie Hall ilikuwa ushahidi wa pili kwenye faili iliyokuwa wazi miaka mingi. Wa pili ni wahakiki. Edward Rothstein wa New York Times aliandika kwamba huenda Rowling mwenyewe amekosea kuhusu mhusika wake, kwa sababu vitabu vyenyewe havilazimishi usomaji huo. Wa tatu ni mashoga wenyewe. Peter Tatchell, mwanaharakati mkongwe wa Uingereza, alisema ni vizuri, lakini akasikitika kwamba Rowling hakuliweka jambo hilo wazi ndani ya kitabu. Yaani, mmoja analia kwamba kimesemwa, mwingine analia kwamba hakijasemwa, na wote wawili wanatazama ukurasa uleule mtupu.

Sasa, kwa nini ukurasa ulikuwa mtupu? Jibu rahisi ni kwamba mwandishi aliogopa, au alitaka kuuza. Labda. Lakini hebu tupange tarehe tuone.

Uingereza ya miaka ya themanini ilikuwa na ugomvi wake juu ya kitabu cha watoto. Kiliitwa Jenny Lives with Eric and Martin, kimeandikwa na Susanne Bösche wa Denmark, kikatoka kwa Kiingereza 1983. Kinamwonyesha msichana mdogo anayeishi na baba yake na mpenzi wa baba yake. Wanafua nguo, wanasherehekea birthday, wanakula. Hakuna zaidi. Mwaka wa 1986 magazeti ya Uingereza yakapata habari kwamba nakala iko kwenye maktaba moja ya walimu London, yakawaka moto. Mwaka uliofuata Margaret Thatcher alisimama kwenye mkutano wa chama chake akalalamika kwamba watoto wanafundishwa kuwa wana haki ya kuwa mashoga. Tarehe 24 Mei 1988, Kifungu cha 28 kikaanza kufanya kazi: halmashauri zilikatazwa "kukuza" ushoga, na shule zake zilikatazwa kufundisha kwamba familia kama ya Jenny ni familia.

Cha kushangaza ni kwamba hakuna halmashauri hata moja iliyopatikana na hatia chini ya kifungu hicho. Hakikuhitaji mahakama. Mwalimu hakujua mpaka uko wapi, kwa hiyo alikaa mbali nao. Mkutubi vilevile. Mtoto akitukanwa shuleni, mwalimu alijiuliza kama akimtetea atakuwa "anakuza". Sheria isiyoeleweka vizuri ina nguvu kuliko ile iliyo wazi, kwa sababu kila mtu anajichunga mwenyewe bure.

Sasa weka vitabu vya Rowling juu ya kalenda hiyo. Cha kwanza kilitoka Juni 1997. Kifungu cha 28 kilifutwa Scotland Juni 2000, na Uingereza na Wales Novemba 2003. Kitabu cha tano kilitoka Juni 2003. Maana yake ni kwamba vitabu vitano kati ya saba viliingia kwenye maktaba za shule za Uingereza wakati sheria hiyo bado iko hai. Na Rowling alikuwa akiishi Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, ambako mwanzoni mwa 2000 hapakuwa na njia ya kutosikia habari hiyo. Tajiri wa mabasi, Brian Souter, alilipia kura ya kibinafsi ya posta nchi nzima. Zaidi ya watu milioni 1 wakarudisha karatasi kusema kifungu kibaki. Bunge la Scotland likakifuta hata hivyo, kwa kura 99 dhidi ya 17. Wiki chache baadaye kitabu cha nne kikatoka, na watoto wakapanga foleni usiku wa manane kukinunua.

Sisemi kwamba Rowling aliketi akiwaza kifungu cha sheria kila alipoandika jina la Dumbledore. Hajawahi kusema hivyo, na mimi siko kichwani mwake. Ninachosema ni kwamba mhusika huyo aliumbwa, akapendwa na akakua katika nchi ambayo kumtaja wazi mbele ya watoto kungemfanya kila mwalimu mkuu wa kweli aangalie nyuma mara mbili kabla ya kuweka kitabu kwenye rafu. Ukimya wa ukurasa ule una mwandishi zaidi ya mmoja.

Baada ya sheria, likaja soko. Rowling alipoanza kuandika filamu za Fantastic Beasts, mashabiki walifikiri sasa mambo yatawekwa mezani. Januari 2018, mwongozaji David Yates aliulizwa kama filamu ya pili itaonyesha ushoga wa Dumbledore, akajibu kwamba si kwa uwazi. Miaka kumi baada ya Carnegie Hall! Mashabiki wakawaka tena, safari hii kwa sababu walihisi wanachezewa. Kisha 2022, filamu ya tatu ikamwacha Dumbledore aseme kwa mdomo wake kwamba alimpenda Grindelwald. Ilipofika China, maneno hayo yakakatwa. Sekunde sita hivi. Kampuni ya Warner Bros. ikakubali, ikasema kiini cha filamu hakijaguswa.

Sekunde sita ndizo zinaniudhi kuliko hotuba yoyote. Ukiweza kutoa kitu ndani ya sekunde sita na hadithi isiyumbe, basi kiliwekwa pale kama kibandiko, tayari kubanduliwa. Wanaochukia wanapewa cha kuchukia, wanaopenda wanapewa cha kushangilia, na mwenye studio anakusanya tiketi za wote.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Rick Riordan, mwalimu wa zamani kutoka Texas, ndiye aliyetupa Percy Jackson, vile vitabu ambavyo nakala zake zilizochakaa hukosi kwenye maduka ya inama katikati ya jiji. Mwaka wa 2013, kwenye The House of Hades, kuna mvulana anaitwa Nico di Angelo, mwana wa mungu wa kuzimu. Analazimishwa na Cupid kukiri siri aliyoibeba kwa vitabu kadhaa: alimpenda Percy. Iko pale kwenye ukurasa. Huwezi kuikata bila kuvunja safari yote ya Nico, kwa sababu aibu yake ndiyo inayoeleza kwa nini kila mara anakimbia wenzake. Wazazi wengine walilalamika, ndiyo. Wengine walirudisha vitabu. Lakini Riordan hakubadili, na baadaye Nico akapata mpenzi na hata kitabu chake mwenyewe, kilichotoka 2023. Tofauti kati ya Nico na Dumbledore ni ya fundi: mmoja ni nguzo, mwingine ni rangi ya ukuta.

Tukirudi nyumbani, lazima tukumbuke kwamba Kenya ilipokea vitabu vya uchawi ikiwa na mizigo yake. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa wazi 1999. Wale waliosoma shule za bweni miaka hiyo na hata baadaye wanajua stori: pete fulani, nyoka kwenye nembo, mwanafunzi mgeni anayetoa pesa. Harry Potter naye ni stori ya shule ya bweni yenye nyoka ukutani. Kwa mzazi wa Kenya, hofu ya kwanza haikuwa Dumbledore anampenda nani, bali mtoto asije akaanza kutamka maneno ya ajabu usiku.

Hofu ya pili ilifika kupitia runinga. Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, chini ya Ezekiel Mutua, ilitangaza kwamba vipindi sita vya watoto havifai kuonyeshwa nchini kwa sababu vinaeneza ushoga: The Loud House, The Legend of Korra, Hunter Street, Adventure Time, Steven Universe na Clarence. Huyu ndiye Mutua ambaye miezi michache baadaye, picha za simba wawili wa kiume Maasai Mara zilipovuma, alisema simba hao watengwe wachunguzwe. Tulicheka sana. Lakini tangazo la katuni halikuwa mzaha, na watu wengi waliliunga mkono kwa dhati.

Hebu tuangalie kilichokuwa kimeonyeshwa. The Loud House ilikuwa na mvulana mwenye baba wawili. Korra iliisha Desemba 2014, na mwisho wake ni wasichana wawili wanaoshikana mikono, wanatazamana, wanaingia kwenye ulimwengu wa roho. Waundaji ilibidi waandike siku chache baadaye kuthibitisha kwamba ndiyo, ni mapenzi, kwa sababu watazamaji walikuwa wakibishana. Adventure Time inachekesha zaidi. Busu la Binti Mfalme Bubblegum na Marceline lilionyeshwa Septemba 2018, mwaka mmoja na zaidi baada ya Nairobi kukifungia kipindi. Bodi yetu iliwahi kufika kabla ya wahusika wenyewe.

Ni rahisi kumcheka mzazi hapa, na vijana wa rika langu tunapenda kumcheka. Lakini mfikirie kidogo. Anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kupambana na matatu, anarudi saa mbili usiku. Kati ya hapo mtoto amelelewa na runinga inayoongea lafudhi ya Marekani. Hakuna aliyemuuliza mzazi huyo chochote: si kampuni ya katuni, si mwenye dikoda, si wizara. Siku bodi inaposema "tunawalinda watoto wenu", ni mara ya kwanza mtu mkubwa anazungumza naye kana kwamba maoni yake yana uzito. Hasira yake ina ukweli ndani. Tatizo ni kwamba bodi haikumpa mamlaka yoyote mapya, ilimfanyia uamuzi tu, kama kampuni ilivyomfanyia. Na mtaani kwetu jamaa wa duka la muvi aliendelea kukopia katuni zilezile kwenye flashi, hamsini hamsini, bila mtu kumuuliza umri wa mnunuzi.

Tena kuna jambo ambalo hatulisemi tunapolalamikia utamaduni wa kigeni. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya mashoga Kenya, kiliandikwa na mkoloni Mwingereza. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Tarehe 24 Mei, siku ileile ambayo Kifungu cha 28 kilianza kufanya kazi Uingereza miaka 31 kabla. Ni sadfa tu, lakini sadfa nzuri ya kukumbusha kwamba katuni na sheria zote zilishuka kutoka meli za nje, na tunachagua ipi tuiite yetu.

Kenya haiko peke yake. Mwaka wa 2020, filamu ya Onward ya Pixar ilikuwa na polisi mwenye jicho moja anayetaja kwa sentensi moja binti wa mpenzi wake wa kike. Sentensi moja, na filamu haikuonyeshwa Kuwait, Oman, Qatar na Saudi Arabia. Mwaka huohuo Hungary ilipata kitabu kinachoitwa Meseország mindenkié, yaani nchi ya hadithi ni ya kila mtu. Kina hadithi 17 za kale zilizoandikwa upya na wahusika walioachwa nje: Waroma, walemavu, mayatima, maskini, na ndiyo, mashoga pia. Mbunge Dóra Dúró aliwaita waandishi wa habari, akachana kurasa zake, akaziingiza kwenye mashine ya kukata karatasi. Viktor Orbán akasema kwenye redio kwamba mashoga wawaache watoto. Watu wakakimbilia madukani, nakala zikaisha, kikachapishwa tena. Lakini Juni 2021 bunge likapitisha sheria inayozuia kuwaonyesha walio chini ya miaka 18 chochote kinachodhaniwa kukuza ushoga. Neno lilelile la Thatcher, "kukuza", limesafiri miaka 33.

Wengi husimulia nusu ya kwanza tu ya kisa hicho: walikichana, kikauzwa zaidi, ha! Ni kweli, kelele huuza. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, ilijaza kumbi Nairobi zile siku saba za 2018 ambazo mahakama iliiruhusu. Lakini kelele hufanya kazi nyingine kimyakimya. Mchapishaji anayeangalia mashine ya Dúró hahitaji barua ya onyo. Anampigia mwandishi simu, anamwambia stori ni nzuri, ila huyu mhusika tumpunguze kidogo. Hakuna gazeti litakaloandika habari ya simu hiyo. Vitabu vilivyofungiwa tunavijua kwa majina. Vilivyopunguzwa kabla ya kuzaliwa hatutavijua kamwe.

Na mtoto je? Katika historia hii yote mtoto anatajwa kila sentensi na hasikiki popote. Jenny wa kitabu cha 1983 alikuwa mtoto wa kuigiza picha, lakini familia kama yake zilikuwepo kweli, na watoto wao walikaa madarasani chini ya sheria iliyosema familia zao ni za kujifanya. Kuna mtoto leo Kayole au Kisauni ambaye ana mjomba wa aina hiyo, mjomba anayeleta mkate na kulipa karo, na anasikia kanisani au madrasani watu wanasema nini. Wala sijazungumzia mtoto ambaye mwenyewe anaanza kujishuku. Huyo hahitaji katuni imwambie yeye ni nani. Anahitaji kujua kama kuna mtu mzima mmoja anayeweza kuulizwa swali bila nyumba kuwaka.

Naandika haya kwa sababu kati yenu mnaosoma hapa wapo wanaoandika. Najua watu watatu wanaoandika riwaya za fantasia zenye majini, mizimu na matatu yanayopaa, wengine kwa Kiswahili, na kila mmoja ana mhusika mmoja ambaye hajaamua amfanyeje. Kalenda hii inatupa angalau somo moja la kazi. Ukimweka mhusika huyo, mpe uzito: hofu zake, makosa yake, nafasi ambayo bila yeye hadithi inaanguka. Ukimwacha, mwache, ni hadithi yako. Lakini usimfiche ili uje umtangaze miaka kumi baadaye kwenye mahojiano, ushangiliwe kwa ujasiri ambao ukurasa wako haukuwa nao. Wasomaji wa 2007 walipiga makofi kwa sababu walikuwa na njaa. Wa sasa wameshajua kuhesabu sekunde.